Sura ya 6: Theluji ya Mlangoni Pako

Januari 1979 theluji ilianguka Chicago kwa siku mbili mfululizo, juu ya nyingine iliyokuwa imekwisha kurundikana. Treni zilikwama, magari yakafukiwa kando ya barabara, takataka zikakaa vichochoroni bila kuzolewa. Mwezi uliofuata wapiga kura wa chama cha Democratic walimnyima meya wao, Michael Bilandic, nafasi ya kugombea tena, wakampa Jane Byrne, ambaye katika uchaguzi wa Aprili akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza jiji hilo. Mwaka huohuo bunge la jimbo la Illinois lilipitisha sheria fupi kuhusu theluji ya majumbani, na sheria hiyo ingali inatumika mpaka leo.

Nimeanza na mwaka huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wahamiaji wengi wanaozungumza Kiswahili hawaambiwi wanapofika Amerika Kaskazini. Tunaambiwa tununue koti zito, viatu vyenye soli ya kung'ata na matairi ya majira ya baridi. Hatuambiwi kwamba theluji ikishatua ardhini inakuwa suala la sheria. Jiji lina wajibu wake kwa barabara kuu, na wewe mwenye nyumba una wajibu wako kwa kipande kilicho mbele ya mlango wako. Mtu aliyenunua nyumba yake ya kwanza Minneapolis, Columbus au Buffalo hukabidhiwa funguo pamoja na wajibu huo, hata kama hakuna aliyeutaja siku ya kutia saini.

Sura hii inalo jambo moja kubwa la kusema: kazi ya kuondoa theluji unaweza kumlipa mtu akufanyie, lakini wajibu wenyewe haununuliki. Anayelielewa hilo mapema huishi majira ya baridi kwa amani. Asiyelielewa hulijua siku barua ya wakili inapofika.

Faini na fidia ni mambo mawili

Watu wengi huchanganya maswali mawili ambayo sheria huyatenganisha. La kwanza: je, jiji linaweza kukutoza faini kwa kuacha theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yako? La pili: mtu akiteleza hapo akavunjika nyonga, je, anaweza kukudai fidia?

Jibu la swali la kwanza, katika miji mingi yenye theluji, ni ndiyo. Njia ile ni mali ya umma, wewe huimiliki, lakini sheria ndogo za jiji zinakutaka uisafishe. Aliyekulia Tanzania hatashangaa: halmashauri zetu nazo humtaka kila mwenye nyumba asafishe eneo linalomzunguka, pamoja na mtaro unaopita mbele ya nyumba yake, ingawa mtaro si wake. Tofauti ni kwamba huku saa huanza kuhesabiwa pale tu theluji inapokoma.

Jibu la swali la pili ni gumu zaidi. Kwa msingi wa zamani wa sheria ya Marekani, kukiuka sheria ndogo ya jiji kunakufanya uwajibike kwa jiji, na hakumpi mpita njia haki ya kukudai moja kwa moja, isipokuwa sheria iseme hivyo waziwazi. New York ilisema hivyo waziwazi mwaka 2003. Tangu hapo, aliyeumia kwenye njia ya miguu isiyotunzwa humdai mwenye jengo badala ya kulidai jiji. Wamesamehewa wenye nyumba za familia moja hadi tatu, mradi mwenyewe anaishi humo na nyumba nzima ni ya makazi tu. Masharti hayo yana uzito. Ukihama ukaipangisha nyumba yote, au ukafungua ofisi au saluni ghorofa ya chini, msamaha huo haukuhusu tena. Nawasihi Waafrika Mashariki walionunua nyumba Bronx au Queens, kisha wakahamia jimbo jingine na kuacha wapangaji, walifikirie hilo leo.

Kila jiji na saa zake

Hakuna sheria moja ya theluji kwa Marekani nzima, wala kwa Kanada nzima. Kila jiji hujipangia muda, upana wa njia na adhabu.

New York huangalia theluji ilikoma saa ngapi. Ikikoma mchana, una muda wa saa 4 tu kuiondoa. Ikikoma jioni, una muda wa saa 14. Ikikoma usiku baada ya saa 3, lazima njia iwe safi kabla ya saa 5 asubuhi. Tena ni marufuku kuisukuma barabarani, jambo ambalo wageni wengi hulifanya kwa nia njema, wakidhani magari yataikanyaga iyeyuke.

Chicago hutaka njia yenye upana wa angalau futi 5, ili kiti cha magurudumu na gari la mtoto vipite bila kukwama. Theluji ikianguka kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, iondolewe kabla ya saa 4 usiku. Ikianguka baada ya hapo, iondolewe kabla ya saa 4 asubuhi. Faini huanzia dola 50 na inaweza kufika dola 500.

Minneapolis, jiji lenye jamii kubwa ya Wasomali na jirani ya vitongoji ambako Wakenya wengi wamejenga maisha, humpa mwenye nyumba ya familia moja au mbili muda wa saa 24 baada ya theluji kukoma. Wenye majengo ya wapangaji wengi na ya biashara hupewa muda wa saa 4 tu za mchana. Mwenye mali asipotimiza, jiji hutuma watu wake wakasafishe na kumtumia bili. Bili isipolipwa huongezwa kwenye kodi ya nyumba, na kodi ya nyumba si deni la kuchezea.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo ni tofauti tena. Uingereza haina sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kusafisha njia ya umma. Serikali huwahimiza watu wafanye hivyo kwa hiari, na huwaonya wasimwage maji ya moto, kwa kuwa yataganda kuwa barafu mbaya zaidi ya theluji yenyewe. Ujerumani iko upande wa pili. Manispaa hukabidhi wajibu kwa wenye nyumba, wenye nyumba mara nyingi huwapitishia wapangaji kwa mkataba, na siku za kazi kazi huanza mapema asubuhi, kwa kawaida saa 1. Mjini Berlin mkazi haruhusiwi hata kutumia chumvi. Lazima atumie mchanga au changarawe.

Fungua tovuti ya jiji lako kabla theluji ya kwanza haijaanguka, utafute mambo matatu: muda uliopewa, upana wa njia unaotakiwa, na mahali unaporuhusiwa kurundika. Yaandike, uyabandike karibu na mlango wa kutokea.

Ndani ya mpaka wako

Hali hubadilika unapovuka kutoka njia ya umma kuingia kwenye ardhi yako: ngazi, baraza, njia ya kuingizia gari. Huko hakuna askari wa jiji anayepita kukagua. Lakini ndiko anakopita mleta barua, mleta chakula, fundi wa tanuri la kupashia joto, muuguzi anayemtembelea mgonjwa nyumbani, na wageni wako wa Jumapili.

Majimbo yametofautiana sana kuhusu wajibu wa mwenye nyumba kwa watu hao. Mahakama Kuu ya Ohio iliamua mwaka 1993 kwamba mwenye nyumba hana wajibu wa kumwondolea mgeni wake theluji iliyojiangukia yenyewe, wala kumwonya juu yake. Hoja yake ni kwamba kila mtu mzima anajua theluji huteleza. Massachusetts iliishi na mawazo kama hayo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kisha mwaka 2010 mahakama yake ya juu ikayatupa, katika kesi ya mtu aliyeteleza kwenye maegesho ya duka la Target mjini Danvers. Tangu siku hiyo mwenye mali wa Massachusetts anapimwa kwa kipimo kimoja iwe ni theluji, ni mafuta yaliyomwagika au ni ubao uliolegea: je, alichukua hatua ambazo mtu makini angezichukua ili anayeingia kwake asiumie?

New York ina kanuni ya tatu, yenye busara. Dhoruba ikiwa bado inaendelea, mwenye mali halazimiki kupigana nayo. Wajibu huanza pale dhoruba inapokoma na muda wa kutosha unapopita. New Jersey ilikubali kanuni ya aina hiyo mwaka 2021 kwa maeneo ya biashara. Maana yake si kwamba ulale mpaka kesho kutwa. Maana yake ni kwamba sheria inatambua mwanadamu hawezi kushindana na mbingu zikiwa zimefunguka.

Hofu ya kushtakiwa

Kuna ushauri unaopitishwa katika mikusanyiko yetu, kwenye harusi, misiba na vikao vya vyama vya wanajumuiya: "Usiiguse theluji. Ukiisafisha nusu, mtu akianguka atakushtaki. Ukiiacha kama ilivyo, ni kazi ya Mungu." Ushauri huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana una nguvu. Kuna majimbo ambako theluji iliyojiangukia haikuletei dai, lakini theluji uliyoihamisha ukasababisha hatari mpya inaweza kukuletea.

Sheria ile ya Illinois ya mwaka 1979 ilitungwa kujibu hofu hiyo hasa. Inasema mwenye nyumba ya makazi anayejitahidi kusafisha njia iliyo mbele ya nyumba yake hatadaiwa kwa sababu ya kasoro ya usafishaji huo, isipokuwa kama alifanya kwa makusudi au kwa kutojali kabisa maisha ya watu. Watunga sheria waliona kwamba jamii inafaidika zaidi watu wakitoka na mabeleshi yao kuliko wakijifungia ndani kwa woga.

Hukumu yangu ni hii: ushauri wa kuiacha ni mbaya, hata mahali ambapo sheria ya fidia inauvumilia. Kwanza, faini ya jiji inakungoja palepale. Pili, theluji iliyokanyagwa siku mbili hugeuka barafu ngumu ambayo beleshi haliiwezi tena, na siku ya tatu utalipa gharama mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayeanguka ni mtu. Katika miji mingi ya Marekani, anayetembea gizani alfajiri kuelekea kituo cha basi ni mhudumu wa wazee anayetoka zamu ya usiku, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja wetu. Njia uliyoiacha ndiyo anayopita.

Maji yanayotoka juu ya paa

Kuna jambo moja ambalo hata majimbo yenye huruma kwa wenye nyumba hayalisamehe: barafu uliyoitengeneza mwenyewe. Mahakama hutofautisha theluji iliyojiangukia na mrundikano uliotokana na kasoro ya jengo. Bomba la kuteremshia maji ya paa likiwa limeelekezwa kwenye njia ya miguu, mchana jua huyeyusha theluji ya paani, maji hutiririka njiani, na usiku huganda kuwa kioo cheusi kisichoonekana. Hiyo si kazi ya mbingu. Hiyo ni kazi ya bomba lako.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Illinois iliamua kuhusu dai la aina hiyo kwenye jengo la makazi ya pamoja, ambako aliyeumia alidai kwamba mabomba ya maji ya paa na mkao wa ardhi ndivyo vilivyosababisha barafu. Mahakama ilisema kinga ya sheria ya 1979 inafunika kazi ya kuondoa theluji, lakini haifuniki uzembe wa kutunza jengo. Tofauti hiyo inastahili kukumbukwa na kila mwenye nyumba, popote alipo. Septemba au Oktoba, kabla ya baridi, simama nje wakati wa mvua uangalie maji yako yanakwenda wapi. Yakielekea mahali watu wanapokanyaga, mwite fundi. Vilevile usirundike theluji upande wa juu wa njia yenye mteremko, kwa sababu rundo likiyeyuka litarudi kukudai.

Kumlipa mtu afanye kazi

Wengi wetu hatuwezi kuifanya kazi hii wenyewe. Tuna zamu mbili, au mgongo umechoka, au tunasafiri kwenda nyumbani Desemba. Hapo ndipo wanapoingia watoa huduma, kuanzia kijana wa jirani mwenye beleshi hadi kampuni zenye pikapu za bamba la chuma mbele.

Malipo hupangwa kwa njia tatu hivi. Kuna bei ya kila safari: anakuja, anasafisha, unalipa. Kuna bei inayopanda kwa kadiri ya inchi zilizoanguka. Na kuna bei ya msimu mzima, unayolipa kiasi kimoja kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, theluji iwe nyingi au kidogo. Bei ya msimu hukupa utulivu, lakini msimu ukiwa mkavu umelipia kisichotokea. Bei ya safari ni nafuu katika msimu mkavu, lakini katika msimu mzito hukausha mfuko. Mwenye kipato cha kubana, anayehitaji kujua kila mwezi atatoa kiasi gani, kwa kawaida hufaidika zaidi na bei ya msimu, iliyogawanywa kwa awamu. Epuka kumlipa msimu wote kwa mkupuo mtu usiyemjua aliyekuja kubisha hodi. Akitoweka Januari, hela yako imetoweka naye.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme mambo haya wazi. Atakuja theluji ikifika kina gani? Wengi huandika inchi 2, na hapo jiulize nani atashughulikia inchi moja iliyoganda. Atamaliza saa ngapi, na je, saa hiyo inatangulia ile ya sheria ya jiji? Atasafisha ngazi na njia ya miguu, au ni njia ya gari peke yake? Chumvi au mchanga umo ndani ya bei au ni malipo ya ziada? Theluji ataiweka wapi? Atarudi iwapo gari la jiji litapita na kuziba mlango wa njia yako kwa ukuta wa theluji iliyosukumwa? Swali hilo la mwisho ndilo linalozua ugomvi mwingi, kwa sababu gari la jiji hupita mara nyingi baada ya mtoa huduma kuondoka.

Kisha ombi moja ambalo watu wetu huona haya kulitoa: mwombe hati ya bima ya biashara yake, inayoonyesha jina lake na tarehe ya mwisho. Mtoa huduma wa kweli huitoa bila kinyongo. Asiye nayo akigonga ukuta wa jirani kwa pikapu yake, au mfanyakazi wake akianguka kwenye ngazi zako, macho yote yatageukia bima yako wewe. Na kama wewe ndiye unayeanza biashara hii, kama wanavyofanya vijana wengi walionunua pikapu, elewa kwamba bima ya gari ya matumizi binafsi kwa kawaida haifuniki kazi ya kulipwa. Unahitaji bima ya biashara kwa gari na kwa madhara utakayowasababishia wengine.

Sasa tunarudi kwenye jambo kubwa la sura hii. Mwaka 2002 mahakama ya juu ya New York iliamua kwamba kampuni iliyoajiriwa kuondoa theluji, kwa kawaida, haiwajibiki kwa mpita njia aliyeanguka, kwa sababu mkataba wake ni kati yake na mwenye mali. Huwajibika pale tu ilipotengeneza hatari mpya kwa mikono yake, pale aliyeumia alipoitegemea kazi yake na kudhurika, au pale ilipochukua wajibu wote wa kutunza eneo badala ya mwenye mali. Hali hizo tatu ni finyu. Nje ya hapo, dai hubaki kwa mwenye mali, hata kama alilipa kila senti kwa wakati. Kumwajiri mtu hakukuondoi kwenye wajibu, kunakupa msaidizi. Kwa hiyo amka uangalie kama amekuja. Kama hajaja, toka na beleshi, kisha umpigie simu.

Mpangaji naye

Kwa wengi wetu swali la kwanza ni la upangaji. Je, mpangaji anaweza kulazimishwa kusafisha? Soma mkataba wako. Marekani, mwenye nyumba nzima aliyoipangisha kwa familia moja mara nyingi huandika kwamba mpangaji ndiye ataondoa theluji. Katika majengo ya vyumba vingi, maeneo ya pamoja kwa kawaida ni ya mwenye jengo.

Ontario ina uamuzi ambao kila mpangaji wa Toronto, Hamilton au Ottawa anafaa kuujua. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilisema kwamba wajibu wa kutunza nyumba ni wa mwenye nyumba, na kifungu cha mkataba wa pango kinachomtwika mpangaji kazi ya theluji ya maeneo ya pamoja hakina nguvu. Akitaka mpangaji aifanye, lazima wawe na makubaliano ya kazi yanayosimama peke yake, yenye malipo yake. Mpangaji anayetishiwa kufukuzwa kwa sababu hajasafisha ngazi za jengo zima ana mahali pa kusimama.

Mgongo, moyo na hewa

Hesabu uzito kabla ya kutoka. Njia yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita moja na nusu, ikifunikwa na sentimita 20 za theluji, inabeba mita za ujazo 4.5. Theluji laini ina uzito wa karibu kilo 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo una kilo 450 za kuhamisha. Ikiwa imelowa, uzito unaweza kupita tani moja. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Nationwide mjini Columbus walipitia takwimu za Marekani za miaka 1990 hadi 2006, wakakuta wastani wa watu 11,500 kwa mwaka walipelekwa hospitali kwa majeraha na dharura zilizotokana na kazi hii, na vifo 1,647 vya moyo katika kipindi hicho. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asiifanye. Kijana afanye kwa vipindi, asukume zaidi ya kunyanyua, na akunje magoti kidogo badala ya kupinda mgongo.

Chumvi nayo itumike kwa kiasi. Ile ya kawaida hupoteza nguvu baridi inapokaribia nyuzi 9 chini ya sifuri. Chini ya hapo tafuta kalisi kloridi, au mwaga mchanga kwa ajili ya kukamata viatu. Kumwaga zaidi hakuongezi usalama, na huua nyasi, hula zege na kuingia majini. Idara ya jimbo la Minnesota inayosimamia uchafuzi husema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, karibu lita 19, moja kwa moja.

Mwisho wa kazi, zunguka nyumba uangalie matundu ya kutolea moshi wa tanuri na kikausha nguo. Theluji ikiyaziba, gesi ya kaboni monoksaidi hurudi ndani, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Januari 2005 mtoto wa miaka 7 alifariki Plymouth, Massachusetts, kwa sababu hiyo, na jimbo likatunga sheria ya kuweka kengele za gesi hiyo majumbani. Weka kengele hata kama jimbo lako halikulazimishi.

Mtu akianguka

Akianguka kwako, msaidie kwanza, umwitie gari la wagonjwa akihitaji. Kisha piga picha za mahali pale, uandike saa na hali ya hewa, na uwaarifu watu wa bima yako mapema. Usiahidi kulipa, wala usibishane. Bima ya nyumba nchini Marekani kwa kawaida ina sehemu ya kufidia watu wanaoumia kwako, mara nyingi kuanzia dola 100,000. Mali bila daftari hupotea bila habari: anayeandika kila siku aliyosafisha na kutunza picha zenye saa ana ushahidi. Anayetegemea kumbukumbu hana.

Ukianguka wewe, usiache muda ukapita kwa sababu ya haya. Ontario, tangu Januari 2021, inakutaka umwarifu mwenye mali kwa maandishi ndani ya siku 60, na ukiangukia njia ya jiji, ndani ya siku 10. Dai dhidi ya Jiji la New York linahitaji taarifa ndani ya siku 90. Wengi wetu huona aibu kumdai jirani, tukidhani tunamvua nguo. Anayelipa karibu siku zote ni kampuni ya bima ambayo jirani amekuwa akiilipa kwa ajili ya siku kama hiyo. Mfupa uliovunjika una gharama, na gharama hiyo haistahili kubebwa na watoto wako.

Basi, ndugu msomaji, kabla Novemba haijafika, soma sheria ya jiji lako, tengeneza bomba la paa, andika mkataba na mtoa huduma mwenye bima, na ununue beleshi hata kama umemwajiri mtu. Ukishamaliza kusafisha mbele ya mlango wako, mtazame mzee anayeishi peke yake nyumba ya pili. Miji kama Chicago na Toronto ina mipango ya kuwasaidia wazee na wenye ulemavu, na mingine mingi hutegemea majirani. Msafishie na yeye.